Ngazi Mia Mbili na Kumi na Mbili

9 Februari

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia, maana najua ulikuwa karibu kuniamkia. Sisi huku hatujambo. Mkazamjomba wako hajambo, anakohoa kidogo tu asubuhi, na anasema nikuandikie kwamba shuka zimefika na zinatosha kitanda. Mama yako mwambie nimesikia habari ya jicho lake na asiogope kupasuliwa. Mimi niliwahi kung'olewa jino la nyuma kwa koleo langu mwenyewe la kazi, na taa nikamshikia aliyening'oa. Paa la jikoni lilivuja, nikalipiga kiraka. Fundi paa mmoja alikuwa anapita njiani, akasimama, akauliza ni kampuni gani imefanya kazi ile.

Sasa jambo lenyewe. Jina langu ulilopeleka hospitali limekubaliwa. Mimi sasa ni mtafiti. Usicheke. Wenyewe wanatuita wagonjwa washauri. Tuko watano, wote baridi yabisi, na kazi yetu ni kuwaeleza wataalamu mtu mwenye viungo vinavyouma anawezaje kuendelea kuutumia mwili wake asije akaganda kitini. Wanatuletea karatasi zao tuzisome, tuseme kipi kina maana na kipi cha kutupa. Daktari wa utafiti ni mwanamke, umri kama wako, ana miwani. Anauliza yeye, najibu mimi, anaandika yeye. Miaka tisa nimekwenda hospitali ile nikiuliza mimi, na wao wakiandika bila kunijibu.

Kikao cha kwanza kila mtu aliwekewa chupa ya maji. Chupa mpya, kizibo kimekaza. Watu watano wa baridi yabisi, chupa tano, saa nzima, hakuna aliyekunywa! Kila mmoja anaitazama ya kwake kama mkwe ambaye hajui atamwanzaje. Basi mimi nikazifungua zote tano kwa mkono mmoja, ta, ta, ta. Halafu nikamwambia daktari kwamba viti visivyo na mikono ni matusi kwa magoti, mtu atainuka ameshika nini? Ameandika.

Mjomba wako,
Fundi Funguo


2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilichukua wiki mbili kunifikia. Mama alipasuliwa jicho Jumatano iliyopita. Bado amefungwa bandeji lakini ameanza kulalamika kwamba nafagia vibaya, na haoni, kwa hiyo tumejua anapona. Mimi nipo tu. Ofisini mafaili yamefika usawa wa dirisha. Nikirudi nyumbani naona safu na mistari mpaka kwenye sufuria la wali.

Nimefurahi umekubaliwa. Unajua kwamba karatasi za utafiti huo zinapitia ofisini kwetu, na mimi ndiye ninayezichapa. Niliposoma ile habari ya viti nikajua sikukosea kupeleka jina lako. Hakuna mtu mwenye viungo vizima ambaye angeifikiria.

Endelea kuniandikia. Kwenye simu nikikuuliza jambo mtandao wako hukatika, na hukatika palepale penye swali. Karatasi haina mtandao.

Kibanda kinaendeleaje? Mama anauliza. Na vidole je?

Mpwa wako


30 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa jicho la mama yako. Huku mvua imeanza, nguo hazikauki, mkazamjomba wako amezitundika mpaka juu ya kitanda na mimi nalala chini ya suruali zangu kama mfalme chini ya bendera. Kikohozi chake kimepungua. Vidole vizuri. Kibanda kipo palepale.

Nikupe habari za kikao cha Machi. Viti vimeletwa vyenye mikono, na watu wote wameanza kuniheshimu. Daktari akatuuliza mmoja mmoja habari za kuutumia mwili. Dereva mstaafu wa lori akasema yeye hutembea mpaka msikitini na kurudi. Mama mshonaji, huyu ana magoti mabaya kuliko yangu, akasema hukanyaga cherehani nusu saa halafu anapumzika. Ikafika zamu yangu. Nikasema, mimi kila asubuhi hupanda ngazi mia mbili na kumi na mbili, nafungua ofisi za watu jengo zima, halafu hushuka nazo. 

Mshonaji akaniuliza, "Fundi, na magoti?"

"Magoti ni kufuli, dada. Usipolizungusha linashika kutu."

"Langu limeshashika. Labda limefungwa na ufunguo umebaki ndani."

"Lipandishe ngazi, litafunguka."

Dereva akasema, "Huyu akifa wampasue, ndani watakuta springi." Tukacheka sana. Daktari ameyaandika yote na anasema yataingia kwenye kijitabu cha utafiti. Mpwa wangu, nimefika kwenye vitabu, na shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu aliona nitamzidi.

Mjomba wako,
Fundi Funguo


21 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mvua zimepungua na nguo zimekauka. Mama amefunguliwa bandeji. Kitu cha kwanza alichoona ni vumbi juu ya kabati, na ameniambia.

Nimechapa rasimu ya kijitabu. Ukurasa wa saba unasema hivi: "Mwenzetu mmoja, fundi funguo, ameishi na ugonjwa huu miaka tisa na hupanda ngazi 212 kila asubuhi. Anasema magoti ni kufuli: usipolizungusha linashika kutu." Nilipofika kwenye ile namba nikaacha kuchapa.

Mjomba, jengo refu kuliko yote hapo mjini ni posta, ghorofa tatu. Nilizihesabu ngazi zake mara nyingi nikimsubiri mama. Ni arobaini na nane. Hilo la mia mbili na kumi na mbili limejengwa lini, na mbona halionekani kutoka barabarani?

Nisikilize, si utani. Kijitabu hiki watapewa watu mia nne. Kiasi cha mazoezi daktari anakipanga kwa maneno yenu ninyi watano, kwa sababu ninyi ndio mnaoumwa, na mgonjwa humwamini mgonjwa mwenzake kuliko anavyomwamini daktari. Ndiyo sababu mmeitwa. Kinakwenda kupigwa chapa mwisho wa Agosti. Tafadhali waambie warekebishe kabla hakijafika huko.

Mpwa wako


6 Juni

Mpwa wangu,

Usishangae mwandiko. Ni wa mkazamjomba wako, mimi nasema yeye anaandika, maana mikono yangu ina kazi nyingi. (Mikono yake iko kwenye beseni la maji ya moto.) Sisi wazima. Kikohozi kimekwisha. (Hakijakwisha, lakini ni kidogo.) Mwambie mama yako vumbi la juu ya kabati halijawahi kumuua mtu.

Umechelewa kupata jibu kwa sababu nimekuwa na shughuli. Kuna tajiri mmoja alijifungia nyaraka zake ndani ya kasha la chuma, wakaja mafundi watatu kutoka mbali wakashindwa, nikaitwa mimi. Nililisikiliza kwa sikio tu, kama daktari anavyosikiliza kifua, likafunguka. (Habari hii ni ya mwaka tuliooana.)

Kuhusu ngazi, hesabu zako ni za karani. Ukizipanda arobaini na nane mara nne na kidogo, unafika palepale. (Posta hajapanda tangu mwaka juzi. Anasema nisiandike hivyo.)

Kikao cha Mei kilikwenda vizuri sana. Waliniuliza mengi. Mshonaji hakuja, wanawake wana mambo mengi. (Siku ile alirudi hakula.)

Nakutakia kazi njema.

Mjomba wako, kwa mkono wa mkewe


20 Juni

Mjomba, shikamoo. Mkazamjomba, shikamoo na wewe, na asante kwa mabano.

Mama anaendelea vizuri. Mimi nimechoka, sitaandika marefu.

Kumbukumbu za kikao cha Mei ninazo, na nakala yake unayo na wewe. Ukurasa wa pili unasema barua ya mshonaji ilisomwa mbele yenu wote. Alikwenda posta siku tatu mfululizo akapanda. Siku ya nne magoti yote mawili yalivimba, akalala kitandani wiki mbili. Ameomba kutoka kwenye kikundi. Maneno yake yameandikwa kama alivyoyasema: "Mwenzangu anaumwa kama mimi na anaweza. Basi kasoro iko kwangu."

Barua hiyo ilisomwa nawe ukiwa kitini, kwenye kiti chenye mikono. Kumbukumbu zinaonyesha hukusema neno.

Naweza kumwambia daktari mimi. Ni simu ya dakika mbili. Lakini halafu utakuwa mtu aliyesemewa na mpwa wake, na sitaki uwe hivyo. Kikao cha mwisho kabla ya kijitabu kwenda kupigwa chapa ni tarehe 18 Agosti. Sema wewe.

Mpwa wako


14 Julai

Mpwa wangu,

Mimi mzima, mkazamjomba wako mzima. Mwandiko huu ni wangu, ndiyo sababu unafanana na njia ya konokono. Nimeuandika kwa siku tatu, jioni jioni, mistari michache halafu napumzisha mkono. Mkazamjomba wako nimemwambia hii hataiona.

Nilikasirika nilipopata barua yako. Nikasema huyu mtoto nilimbeba mabegani. Halafu hasira ikachoka yenyewe.

Nikueleze ilivyokuwa kikao cha Machi. Daktari alinitazama mbele ya watu wote, akasoma kwenye karatasi yake: "Je, bado unajishughulisha?" Wewe unajua neno hilo kwetu. Mtu akikuuliza hivyo anauliza kama bado una kazi yako au umeshakuwa mtu wa kulishwa. Na mimi kibanda nimekifunga tangu Oktoba mwaka jana. Ufunguo wa mwisho niliochonga ulikuwa wa mama muuza maziwa, wenye meno matano tu, ufunguo wa kuchonga huku unapiga soga. Tupa iliniponyoka mara tatu. Akaniangalia akasema, "Basi fundi, nitapita siku nyingine." Aliniambia kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionimaliza. Nikafunga. Hata kufunga alinifungia jirani.

Asubuhi anayefungua mlango wa nyumba ni mkazamjomba wako. Mimi nasimama nyuma yake kama mgeni anayeaga. Mimi niliyefungua milango ya mji mzima.

Kwa hiyo nikajibu, ndiyo, najishughulisha, sana. Akauliza kwa siku kiasi gani. Hapo nikaona kumbe anauliza habari za mwili, lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikasema ngazi. Akauliza ngapi. Mpwa wangu, mtu kama mimi akishaulizwa ngapi, ulitaka nifanye nini?

Na zile chupa sikufungua hata moja. Aliingia mhudumu akazifungua.

Barua ya mshonaji niliisikia yote. Ninaisikia mpaka sasa nikinyoa ndevu. Lakini kusimama niseme, sidhani. Chumba kile ndicho mahali pekee palipobaki ambapo mtu ananiita fundi. Nikisema, nitakuwa mzee mwenye maneno mengi tu, na wazee hao mjini hapa wanatosha.

Mjomba wako


27 Julai

Mjomba wangu, shikamoo.

Sikujua kibanda kimefungwa. Nisamehe kwa kuuliza kila mara. Mama nimemsomea barua yako yote isipokuwa pale. Akasema, "Kuna mahali umeruka." Nikaikunja barua nikaenda kuosha vyombo.

Nina langu la kukuambia. Swali lile niliandika mimi. Fomu ilikuja kwa maneno ya kitaalamu, nikapewa niiweke kwa lugha ambayo mtu anaongea. Nilitaka kusema kuutumia mwili: kutembea, kufua, kuinama, kupanda. Ilikuwa jioni ya Ijumaa, kichwa kimejaa, nikaweka "kujishughulisha" kwa sababu lilikaa vizuri kwenye mstari. Sikumsomea mtu yeyote.

Barua yako iliponifikia nilikwenda kufungua fomu za majaribio. Ni thelathini na moja. Watu kumi na tisa wamejibu "niliacha" na sisi tumewahesabu kuwa watu wasiosogea. Mmoja ni mama anayechota maji mara nne kwa siku. Ameandika: "Niliacha, baada ya kustaafu." Wametazama fomu hizo watu wenye shahada, na mimi nimezitazama kuliko wote. Hakuna aliyeliona isipokuwa wewe, na wewe uliliona kwa kuumia.

Nimemwambia mkuu wangu leo asubuhi. Hakufoka. Alivua miwani akasugua macho, akasema, "Tutazirudia zote." Kila mtu amechoka, Mjomba, na sasa tutazirudia zote. Sitakudanganya kwamba nilijisikia vizuri baada ya kusema. Nilijisikia vilevile, ila nilikula chakula cha mchana.

La ngazi sitalisema mimi. Nimeamua. Likiingia kwenye kijitabu litaingia na nitalichapa kwa mkono wangu.

Mpwa wako


19 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa mama yako, na mwambie pale uliporuka ni habari ya kibanda, kimefungwa, asije akakubana mpaka useme. Mkazamjomba wako amekwenda kupimwa kifua, wamesema ni moshi wa jikoni, apike mlango ukiwa wazi. Hivyo tu. Tumepumua.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mshonaji. Ni mwendo wa kona mbili na nilipumzika kwenye kila moja. Nilimkuta kwenye cherehani, miguu iko pembeni, anashona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Hakuniambia nikae.

Nikamwambia, "Njoo kikao kimoja tu. Nina jambo la kusema."

"La ngazi?"

"La ngazi."

"Leo zimefika ngapi, mia tatu?"

Sikujibu. Aliniangalia muda mrefu, sindano mdomoni, nadhani hajawahi kuniona nimenyamaza. Nikaondoka bila kujua kama atakuja.

Jana alikuja. Alikaa karibu na mlango. Daktari alianza na lile swali lako, akasema limebadilishwa, akasoma jipya: "Kwa siku ya kawaida, mwili wako unautumia kufanya nini?" Nikainua mkono kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Nikasema kwa kuwa swali ni jipya, na jibu langu la zamani lifutwe. Hakuna jengo. Hakuna ofisi ninazofungua. Kibanda nimekifunga, na chupa ya maji hunishinda. Yule aliyepanda ngazi akaumia alipanda uongo wangu, na kasoro haikuwa kwake.

Nilidhani patatokea kelele. Dereva wa lori ndiye aliyefungua mdomo kwanza. "Mimi nilijua," akasema. "Nimeendesha humu miaka thelathini, jengo hilo sijawahi kuligeuzia lori."

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nilikuwa napenda kulisikia."

Daktari alichukua rula akaufuta ukurasa wa saba kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikajua nimekwisha, nikashika mikono ya kiti ili niinuke niende zangu. Akasema, "Kaa, fundi. Hujajibu swali. Siku ya kawaida unafanya nini?"

Mpwa wangu, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo akasubiri. Nikamwambia. Asubuhi redio ikianza taarifa ya habari, nazunguka meza. Naishika ukingo kwa viganja, si kwa vidole, nazunguka. Habari zikiisha naacha. Siku nzuri hufika mizunguko kumi na mmoja. Siku mbaya miwili. Siku nyingine naisikiliza redio nikiitazama tu meza, na mkazamjomba wako hapiti karibu. Daktari aliandika yote, hata ile ya kutazama tu. Akasema hiyo hasa ataiandika, maana watu mia nne wana siku hizo na hakuna kijitabu kinachozitaja.

Sauti ikatoka kule mlangoni. "Meza yenyewe," mshonaji akasema, "ya ukubwa gani?"

Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye watu kumi na wawili. Nikaurudisha.

"Ya watu wanne," nikasema.

"Kama yangu," akasema, akamwomba dereva kalamu.

Mjomba wako